Gundi, Metali na Hewa ya Pwani

Mkazi wa Tanga, Pangani au Moa hahitaji kufundishwa kwamba hewa ya bahari hula vyuma. Mabati ya paa, bawaba za milango na minyororo ya baiskeli ni ushahidi wa kutosha. Pepo za kaskazi na za kusi hubeba chembe za chumvi kutoka baharini, na wakati wa masika unyevuanga hukaa juu ya asilimia 70 kwa siku nyingi mfululizo. Kutu ya namna hiyo huonekana kwa macho, na mwenye mali huweza kuikwangua na kupaka rangi kabla mambo hayajaharibika.

Uko uharibifu mwingine usioonekana. Huo hutokea ndani ya maungio ya metali yaliyoshikanishwa kwa gundi. Maungio ya namna hii yanaweza kuwa safi kwa nje, yasiwe na doa la kutu, na huku ndani yake gundi imekwisha kuachana na metali. Swali linalowakabili wahandisi ni hili: je, yawezekanaje kujua leo kama maungio yaliyofanywa leo yatakuwa bado yameshika baada ya miaka 20 au 30 katika hewa ya joto na unyevu? Makala hii inaeleza jinsi swali hilo linavyojibiwa, na kwa nini jibu lake lilichukua muda mrefu kupatikana.

Kwa nini metali iunganishwe kwa gundi?

Njia za kawaida za kuunganisha metali ni kulehemu, kukaza kwa bolti, na kupigilia ribiti. Kila njia ina kasoro yake. Kulehemu hubadilisha metali kwa joto kali, na bati jembamba huweza kupinda au kutoboka. Bolti na ribiti huhitaji matundu, na tundu ni mahali pa udhaifu. Bati pana lenye tundu la duara likivutwa, mkazo kwenye ukingo wa tundu hufikia mara 3 ya mkazo uliopo mbali na tundu hilo. Bati likivutwa na kuachwa mara elfu nyingi, ufa huanzia hapo. Hali hiyo huitwa uchovu wa metali.

Gundi haihitaji tundu. Huueneza mzigo juu ya eneo lote lililopakwa, hukaza mabati membamba bila kuyaongezea uzito mwingi, na huziba njia ya hewa na maji. Ndiyo sababu watengenezaji wa ndege walikuwa wa kwanza kuitumia kwa kazi kubwa. Mwaka 1941, huko Duxford nchini Uingereza, Norman de Bruyne na wenzake walitengeneza gundi iliyoitwa Redux. Ilikuwa na sehemu mbili, utomvu wa fenoli wa majimaji na unga wa polima, ambazo hushikana zikipata joto na mgandamizo. Gundi hiyo ilitumika kuunganisha metali katika ndege ya Hornet ya kampuni ya de Havilland.

Kampuni ya Fokker ya Uholanzi iliendeleza njia hiyo chini ya uongozi wa mhandisi Schliekelmann. Ndege yake ya F27 Friendship, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1955, ilikuwa na sehemu nyingi za mabawa na kiwiliwili zilizoshikanishwa kwa gundi. Ndege hiyo si ngeni katika pwani ya Afrika Mashariki. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilizitumia ndege za aina hiyo tangu miaka ya 1960, na shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977 Shirika la Ndege la Tanzania likaendelea nazo. Zilihudumia miji ya pwani kama Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Abiria aliyepanda ndege hiyo katika uwanja wa Tanga asubuhi ya masika aliyaamini maisha yake kwa gundi, pengine bila kujua.

Adui mkubwa ni maji

Ili kuelewa kinachoweza kuharibika, yafaa kwanza kuelewa gundi inashika nini. Alumini ikikutana na hewa hujifunika mara moja kwa utando mwembamba sana wa oksaidi. Kwa hiyo gundi haigusi metali yenyewe. Hugusa utando huo. Molekuli za gundi huvutana na molekuli za oksaidi, na mvutano huo ndio unaoitwa kunata.

Sasa maji nayo huvutwa sana na oksaidi, tena kwa nguvu kuliko gundi. Wataalamu hupima jambo hili kwa kukadiria nishati inayohitajika kutenganisha gundi na uso wa metali. Kwa gundi ya epoksi juu ya oksaidi ya alumini, nishati hiyo katika hali kavu ni takribani milijouli 232 kwa kila mita mraba. Mahali penye maji hesabu hugeuka kuwa hasi, takribani milijouli 137 chini ya sifuri. Kwa oksaidi ya chuma tofauti ni kubwa zaidi: kutoka 291 katika hali kavu hadi 255 chini ya sifuri. Maana ya hasi ni kwamba maji yakifika mahali gundi na oksaidi zinapokutana, hakuna nishati ya kutoka nje inayohitajika ili viachane. Maji hujiingiza katikati na kuchukua nafasi ya gundi.

Maji huleta madhara mengine mawili. Kwanza, huingia ndani ya gundi yenyewe na kuifanya ivimbe na kulainika, kama kamba ya mkonge inavyovimba ikilowa. Madhara haya kwa sehemu kubwa huondoka gundi ikikauka. Pili, maji huubadilisha utando wa oksaidi ya alumini kuwa oksaidi yenye maji, ambayo ni dhaifu na huchukua nafasi kubwa zaidi. Utando huo ukibadilika, gundi hubaki imeshika kitu kisichoshika metali. Hayo hayarudi yalivyokuwa hata maungio yakikaushwa. Penye chumvi, ulikaji wa metali huongezeka juu ya hayo.

Maji hayawezi kupenya metali. Huingia kupitia kingo za gundi tu. Muda wa kupenya hufuata kanuni ya mraba: umbali ukizidishwa mara 2, muda huzidi mara 4. Kama maji yangechukua mwaka 1 kufika katikati ya maungio yenye upana wa milimita 10, yangehitaji miaka 4 kufika katikati ya maungio ya milimita 20. Ndiyo maana maungio huweza kuonekana mazima kwa miaka mingi, kisha yakaanza kuachia.

Kiasi cha unyevuanga nacho kina umuhimu wake. Majaribio yaliyofanywa Uingereza katika miaka ya 1970 kwa maungio ya chuma na epoksi yalionyesha kwamba yapo mapungufu fulani ya unyevuanga ambayo chini yake maungio hayakudhoofika, na kiwango cha mpaka kilikadiriwa kuwa karibu asilimia 65. Mtu akilinganisha kiwango hicho na hali ya hewa ya Tanga ataona mara moja kwamba maungio yanayodumu katika nchi kavu huenda yasidumu pwani.

Nguvu ya siku ya kwanza haitoshi

Jaribio lililo rahisi kuliko yote ni la kulaza ncha za vipande viwili moja juu ya nyingine, kuzipaka gundi, kisha kuvivuta vipande hivyo kwa pande mbili mpaka viachane. Eneo la gundi kwa kawaida huwa na urefu wa milimita 12.5 na upana wa milimita 25. Gundi nzuri ya ndege huweza kustahimili nyutoni 30 kwa kila milimita mraba. Kwa eneo hilo la milimita mraba 312.5, hiyo ni kani ya nyutoni zaidi ya 9,000, yaani karibu sawa na uzito wa tani moja.

Matokeo kama hayo hupendeza, na hapo ndipo penye mtego. Vipande viwili vilivyosafishwa vizuri na vingine viwili vilivyopanguswa tu vinaweza kutoa namba zinazokaribiana siku ya kwanza, kwa sababu uso wa metali bado ni mkavu. Tofauti hujitokeza maji yanapoingia. Jaribio la siku ya kwanza hupima gundi. Halipimi kudumu kwa mshikamano.

Vyombo vya kupima bila kuvunja navyo vina mpaka wake. Chombo cha mawimbi ya sauti kilichobuniwa na Fokker kwa ajili ya ndege zake huweza kugundua mahali palipo na uwazi au gundi pungufu. Lakini mahali ambapo gundi imegusa metali bila kuishika sawasawa, mawimbi hupita kama kawaida. Hakuna chombo kinachoweza kuyaangalia maungio mazima na kusema yatadumu miaka mingapi. Kwa hiyo jibu hutafutwa kwa kuvunja sampuli zilizotengenezwa kwa njia ile ile.

Jaribio la kabari

Kampuni ya Boeing ya Marekani ilisaidia kueneza jaribio ambalo fundi yeyote wa kupasua kuni atalielewa. Mabati mawili ya alumini yenye unene wa milimita 3.2 hushikanishwa kwa gundi, kisha hukatwa vipande vyenye upana wa milimita 25. Kabari hupigwa kwenye ncha isiyo na gundi. Mabati hupanuka, na ufa huingia ndani ya gundi mpaka mahali fulani, kisha husimama. Mahali hapo hutiwa alama. Baada ya hapo sampuli, ikiwa bado na kabari yake, huwekwa ndani ya sanduku lenye joto la sentigredi 50 na hewa iliyojaa unyevu. Baada ya saa moja au zaidi, ufa hupimwa tena.

Ubora wa jaribio hili ni kwamba mzigo na maji hufanya kazi pamoja, tena kwenye ncha ya ufa, mahali ambapo maji hayana safari ndefu. Hakuna mashine ya kuvuta inayohitajika. Kabari yenyewe ndiyo mzigo.

Nishati inayosukuma ufa, G, hukadiriwa kwa kanuni hii:

G = 3Ed²h³ / 16a⁴

Hapa E ni kipimo cha ugumu wa metali dhidi ya kunyumbuka, d ni unene wa kabari, h ni unene wa bati moja, na a ni urefu wa ufa kuanzia kwenye kabari. Jambo la kuzingatia ni kwamba urefu wa ufa umepandishwa kipeo cha 4. Kwa mabati na kabari za milimita 3.2, ufa wa milimita 40 huonyesha nishati ya takribani jouli 1,700 kwa kila mita mraba. Ufa ukifika milimita 80, nishati hushuka mara 16, ikawa takribani jouli 110 tu. Maungio mazuri huongeza ufa kwa milimita chache, na maungio mabaya hufunguka karibu yote.

Baada ya kupima, sampuli hufunguliwa na nyuso zake hutazamwa. Ikiwa gundi imebaki pande zote mbili, gundi yenyewe ndiyo iliyopasuka, na mshikamano wake na metali ulikuwa mzuri. Ikiwa upande mmoja umebaki metali tupu, kosa ni la maandalizi ya uso. Mara nyingi utazamaji huu hueleza mengi kuliko namba.

Ni kwa majaribio ya namna hii ndipo ilipothibitika kwamba kinachoamua umri wa maungio ni namna uso wa metali ulivyoandaliwa, kuliko jina la gundi. Katika njia ya asidi ya fosforiki iliyoendelezwa na Boeing, umeme hupitishwa katika asidi hiyo ili kuotesha juu ya alumini utando wa oksaidi wenye vitundu vidogo mno. Gundi huingia katika vitundu hivyo na kuganda humo, na utando wenyewe hukawia kubadilishwa na maji.

Majaribio ya muda mrefu, na hatari ya kuharakisha

Jaribio la kabari hulinganisha. Linaweza kusema maandalizi haya ni bora kuliko yale, lakini halisemi miaka mingapi. Ili kupata miaka, ni lazima kungoja. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Royal Aircraft Establishment ya Farnborough, Uingereza, waliweka sampuli katika maeneo tofauti ya dunia, baadhi zikiwa zimebebeshwa mzigo na nyingine bila mzigo. Mawili ya maeneo hayo yalikuwa katika jimbo la Queensland, Australia: Innisfail, pwani penye joto na mvua nyingi, na Cloncurry, bara penye joto na ukavu. Matokeo yalikuwa wazi. Joto peke yake halikuwa tatizo kubwa. Joto pamoja na unyevu ndivyo vilivyodhoofisha maungio, na yaliyobeba mzigo yaliathirika zaidi. Funzo hilo lahusu moja kwa moja mahali kama Tanga.

Kwa kuwa viwanda haviwezi kungoja miaka mingi, joto hupandishwa ili kuharakisha mambo. Njia hii ina mipaka. Kila gundi ya polima ina kiwango cha joto ambacho juu yake hugeuka kutoka hali ya ugumu kama kioo na kuwa laini kama mpira, na gundi iliyolowa hufikia hali hiyo katika joto la chini zaidi kuliko gundi kavu. Sampuli ikipashwa moto kupita kiwango hicho huharibika kwa namna ambayo kamwe isingetokea katika matumizi ya kawaida. Mjaribu huwa ameharakisha kitu kingine, si kile alichotaka kukijua.

Funzo la mwaka 1988

Tarehe 28 Aprili 1988, ndege ya Boeing 737 ya shirika la Aloha ilikuwa ikiruka kutoka Hilo kwenda Honolulu katika visiwa vya Hawaii. Ikiwa juu kiasi cha mita 7,300, sehemu ya paa la kiwiliwili chake yenye urefu wa mita 5 na zaidi ilibanduka na kupeperuka. Marubani waliweza kuitua ndege katika kisiwa cha Maui. Kati ya watu 95 waliokuwamo, mhudumu mmoja alipoteza maisha, na wengine 65 walijeruhiwa.

Uchunguzi uliirudisha habari nyuma hadi kwenye gundi. Ndege hiyo ilitengenezwa mwaka 1969. Mabati ya kiwiliwili chake yalilazwa kingo moja juu ya nyingine, yakashikanishwa kwa gundi ya epoksi iliyoganda bila kupashwa moto, kisha yakapigiliwa ribiti. Gundi ndiyo iliyokusudiwa kubeba mzigo. Lakini katika baadhi ya mahali haikushika vizuri tangu mwanzo, na unyevu ukapata njia. Miaka 19 ya safari fupi fupi katika hewa ya chumvi, jumla ya safari 89,680, ilimaliza kilichobaki. Gundi ilipoachia, mzigo ukahamia kwenye ribiti na matundu yake. Nyufa ndogo zikaota tundu hadi tundu, mpaka siku moja zikaungana.

Njia hiyo ya kuunganisha bila joto ilikwisha achwa na Boeing mwaka 1972, na ndege za aina ya 737 ambazo Shirika la Ndege la Tanzania lilianza kuzitumia mwishoni mwa miaka ya 1970 ziliundwa baada ya badiliko hilo. Hata hivyo ajali ya Aloha iliifundisha dunia kwamba umri wa ndege hauhesabiwi kwa miaka na safari tu. Hewa inamorukia nayo huhesabiwa.

Jaribio linalowezekana shuleni

Shule yoyote ya pwani inaweza kufanya jaribio la kabari kwa vifaa vya kawaida. Zinahitajika sampuli 12. Kila moja hufanywa kwa vipande viwili vya alumini ngumu, vyenye unene wa milimita 3, upana wa milimita 25 na urefu wa milimita 200.

Kundi la kwanza la vipande lisafishwe kwa kitambaa tu. Kundi la pili lioshwe kwa sabuni, lisuuzwe na kukaushwa, lisuguliwe kwa msasa laini, lipanguswe vumbi kwa kitambaa safi, na lipakwe gundi mara moja. Gundi ya epoksi ya sehemu mbili iuzwayo madukani yafaa. Milimita 30 za mwisho ziachwe bila gundi kwa kuwekewa kipande cha nailoni katikati. Sampuli zibanwe na kuachwa siku kadhaa zigande. Wanafunzi wavae glavu, kwa kuwa kigumishi cha epoksi hudhuru ngozi. Njia za asidi na umeme zisijaribiwe darasani. Baadhi ya asidi hizo, hasa ya kromiki, ni sumu kali.

Kisha kabari ya unene wa milimita 2 ipigwe katika kila sampuli, na ncha ya ufa itiwe alama kwa sindano kwa msaada wa kioo cha kukuzia. Kutoka katika kila kundi, sampuli 2 ziwekwe katika chupa kavu iliyofungwa, 2 katika maji safi, na 2 katika maji ya bahari. Ufa upimwe kila siku kwa wiki ya kwanza, kisha kila wiki hadi mwisho wa muhula, na grafu ya urefu wa ufa dhidi ya muda ichorwe. Kipande kikibaki kimepinda baada ya kabari kutolewa, kanuni ya nishati haitumiki kwake, lakini ulinganisho wa nyufa bado una maana.

Mwalimu asiwaambie wanafunzi mapema ni kundi lipi litakaloshinda. Awaache wabashiri, waandike ubashiri wao, kisha wangoje. Kungoja ni sehemu ya jaribio lenyewe: maswali mengine ya sayansi hujibiwa kwa dakika moja, na mengine hudai muhula mzima au miaka kumi.

Maswali ya kuzingatia

1. Ufa wa sampuli moja umeongezeka kutoka milimita 50 hadi milimita 60. Nishati G imebaki sehemu gani ya ile ya mwanzo?

2. Kwa nini sampuli iliyo katika chupa kavu ni ya lazima, ingawa huenda isionyeshe badiliko lolote?

3. Fundi amebandika kipande cha metali kwa gundi, akakivuta kwa nguvu siku ya pili, na kikashika. Je, amethibitisha nini, na ni nini ambacho hajakithibitisha?